Mafuta ni Mafuta

Kiharusi kilimwachia mume wangu neno moja. Kilimpiga asubuhi anafunga kamba za viatu, kikachukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikachukua na maneno yake yote, naye alikuwa mtu wa maneno mengi. Likabaki "bado." Umeshiba? Bado. Unasikia maumivu? Bado. Padri alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa alimuuliza kama anajutia dhambi zake, mzee akamjibu wazi kabisa, "Bado." Padri akageuka kunitazama. Nikamwambia, "Baba, hapo hajakosea."

Nesi wa mazoezi aliniambia nisikate tamaa, maneno huwa yanarudi, moja leo, jingine mwakani, kama kuku waliotawanywa na mwewe. Mimi sikuyataka yote. Nilimjua akiwa nayo yote. Nilitaka lirudi moja tu, na hilo nitalieleza, maana bila kulijua mtu hawezi kuelewa kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye magoti yanayolia kama mlango, alilala chini ya gari wiki nzima.

Nimesoma hadi darasa la nne. Naandika polepole, lakini sisahau. Kila mtu nitakayemtaja hapa jina lake ninalo, na la baba yake, na nani alimsimamia ubatizo. Sitayaandika. Wengine wameshakufa, na walio hai wana watoto hapa karibu.

Gari lenyewe ni lile dogo la mgongo wa kobe. Injini iko nyuma, mbele ni mahali pa mizigo. Halina rejeta. Halinywi maji hata tone. Linapozwa na upepo wa feni yake na oili iliyomo tumboni. Kwa hiyo oili kwake ni damu na ni maji pia, ukikosea oili umekosea vyote. Mzee alilinunua kwa daktari mgeni wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Wakati huo yeye alikuwa karani wa maghala ya mazao, na mimi nilikuwa mke wa miezi minne, nimeshuka kutoka milima ya Mbulu na sanduku moja. Rangi ya gari ilikuwa ya maziwa ya kibuyu, yale yenye moshi kidogo. Watu wa Nakwa, kijijini kwetu, wakisikia mlio wake walisema karani anarudi.

Mbele alikaa yeye na rafiki yake. Asipokuwa na rafiki, kiti cha mbele kilikaliwa na gunia la mahindi. Mimi nilikaa nyuma, mgongo kwa injini, joto lake likinipanda mgongoni. Siku moja nilimuuliza kwa nini gunia. Akasema, "Gunia haliniulizi maswali."

Sasa siku ya mafuta. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa baridi. Yeye alikuwa chali chini ya gari, na rafiki zake wanne wamekaa kwenye magogo wanakunywa pombe. Akapaza sauti, "We mwanamke, lete mafuta!"

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kanisani na cha sokoni. Kanisani mafuta ni ya kumpaka mgonjwa. Sokoni mafuta ni ya kula au ya taa. Nikafikiri, mume wangu yuko kwenye ardhi ya baridi, labda amejikata, labda anataka kulainisha chuma. Nikatoa samli aliyonifungia mama yangu nilipotoka nyumbani. Ilikuwa imeganda. Nikaipasha kwanza ili imiminike vizuri, nikaitia kwenye kikombe cha bati, nikaileta kwa mikono miwili.

Wale wanne walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye gogo. Mume wangu akatoka chini ya gari. Yeye hakucheka. Alichukua kikombe, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Umesema mafuta. Si mafuta tu?"

"Ahaa." Akawageukia wenzake. "Mmemsikia? Mafuta ni mafuta!"

Akanimiminia kichwani. Alimimina taratibu, kama mtu anayejaza injini, mpaka tone la mwisho, akakung'uta kikombe. Haikuniunguza. Ilikuwa na joto zuri tu, nilikuwa nimeipasha kwa uangalifu. Ikashuka shingoni, ikaingia kwenye gauni. Nzi walinifuata hadi Jumatatu.

Hadithi hiyo aliisimulia maisha yake yote ya kusema. Aliisimulia kwenye harusi za wengine na kwenye harusi za wanawe. Wakwe zangu waliijua kabla hawajaonja chakula changu. Mtu akiomba chumvi mezani, yeye anajibu, "Angalia asikuletee sukari. Kwa huyu mafuta ni mafuta." Na kila mara mtu mmoja mpya alikuwepo wa kuuliza maana yake, na ikaanza upya.

Baada ya siku ile alinifundisha gari. Sitasema ulikuwa wema, rafiki zake walikuwa wamechoka kumshikia spana. Yeye chini, mimi kando. Akitaka spana ya kumi na tatu nami nikampa kumi na nne, ilirudi kwa kurushwa. Muundi wangu wa kushoto una kovu la kumi na saba. Ndani ya mwaka mmoja nilizijua zote kwa vidole, bila kutazama. Akimaliza, alifuta mikono kwenye kanga yangu. Matambara yalikuwepo, yamening'inizwa msumarini karibu kabisa na bega lake. Alivuta pindo la kanga niliyoivaa, akafuta kidole kimoja kimoja, huku anaongea na mtu mwingine.

Ila kulikuwa na kazi moja niliyoipenda, sitaficha. Kupima valvu. Hiyo hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi. Kuna gurudumu dogo nyuma linaloendesha mkanda wa feni, na kwenye ukingo wake kuna alama ndogo kama mkwaruzo wa kucha. Mimi nilizungusha kwa spana, polepole, naye ameinamisha kichwa anaitazama ile alama ikipanda. "Bado," anasema. "Bado. Bado. Bado." Alama inakaribia mstari wa katikati ya injini. "Bado." Halafu: "Hapo!" Nasimamisha mkono palepale, naye anapitisha kibati chembamba kama ganda la kitunguu kupima nafasi.

Lile "hapo" halikuwa na tusi ndani yake. Mwaka mzima uliweza kupita asinipe neno jingine la namna hiyo, lakini kupima valvu kulikuwa na hapo nne, moja kwa kila silinda, na zote zilikuwa zangu.

Kiharusi kikachukua hapo, kikaacha bado.

Miaka mitatu gari lilikaa chini ya paa la bati kando ya jiko. Kuku walitaga kwenye kiti cha gunia. Krismasi iliyopita watoto wakaja, na mkubwa wangu, ambaye ana ofisi Dodoma na tumbo la ofisi, akasimama mlangoni na chupa ya soda, akasema mbele ya baba yake kama vile baba yake ni kabati:

"Mama, hicho chuma kitoke. Nataka kujenga vyumba vya kupangisha hapo. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu."

"Ni gari la baba yako."

"Gari ni linalotembea. Nawapa mpaka Pasaka. Likifika kanisani kwa injini yake, libaki. Lisipofika, linakatwa vipande, linapakiwa."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Uso ule wenye upande mmoja hai ukabadilika. "Bado," akasema. "Bado, bado, bado!"

"Unaona? Hata yeye anasema bado halijakatwa tu," mwanangu akasema, na wote wakacheka. Anacheka kama baba yake, kwa kurudisha kichwa nyuma. Mke wake akaongeza, "Mwacheni mama alitengeneze. Si anajua mafuta?" Wakacheka tena, na mimi nikaenda kugeuza nyama.

Nikiwa jikoni nilimwangalia mzee kupitia dirishani. Alikuwa analitazama lile gari. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kukitazama namna ile, hata sisi. Nikajua mawili kwa pamoja: kwamba likikatwa atakufa, na kwamba hakuna wa kulizuia lisikatwe ila mimi.

Jirani yangu, mjane mwenzangu, ingawa mimi ni mjane wa nusu tu, aliniletea kwanza fundi wa karibu na stendi. Kijana mwenye heshima zake, shikamoo bibi, shikamoo babu. Akaenda moja kwa moja mbele ya gari, akafungua, akakuta tairi la akiba na kiota cha mende. Akafunga taratibu.

"Bibi," akasema kwa huruma, "injini wameshaiba."

"Iko nyuma, baba."

Akazunguka. Akainama, akatazama sana. "Sasa maji naweka wapi?"

"Halinywi maji."

"Kila gari linakunywa maji, bibi. Labda wewe hukuwa unaona wanavyoweka."

Mzee barazani akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mitatu, kama mtu anayekohoa mfupa. Alikuwa anacheka. Fundi alipoondoka, nikaona bado mabega ya mzee yanatikisika, nami nikacheka, na kwa muda kidogo tulikuwa watu wawili tunaojua kitu kimoja. Nikashika kiti chake, nikakikokota naye juu yake mpaka chini ya lile paa la bati, kama gunia la mahindi. Nikamwegesha mahali anapoweza kuona kila kitu.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Leo wewe ndiye utakayetazama."

Tulianza mimi na jirani. Tulipofungua lile sanduku la bati linalofunika feni, tukaliinua wawili, tukakuta panya wamejenga. Maganda ya mahindi, sufi ya godoro letu, kurasa za kitabu cha nyimbo, vyote vimeshindiliwa pale upepo unapotakiwa kupita. Injini ile ingewaka ingejipika yenyewe kwa dakika chache. Katikati ya kiota kulikuwa na vichanga vya panya vitano, vyekundu, havijafumbua macho. Nikavikusanya kwenye ganda la hindi, nikavimwagia kuku. Mzee alitazama mpaka cha mwisho.

Matuta ya chuma yanayozunguka silinda tuliyasugua kwa brashi na mafuta ya taa, tuta moja moja. Nilibadili mkanda wa feni, nikasafisha plagi. Nikalala chini na kufungua nati sita ndogo za kifuniko cha chini, oili ya zamani ikashuka nzito na nyeusi kama lami. Chujio nikaliosha. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, nilikata kwa mkasi kutoka kwenye jalada gumu la faili la mzee la ukarani, lenye mhuri. Nililiinua kwanza alione.

Kisha valvu. Jirani akashika spana, mimi nikainamisha kichwa pale alipokuwa anainamisha yeye. "Bado," nikasema. "Bado. Bado, polepole mwenzangu. Bado. Hapo!"

"Bado," akasema mzee nyuma yangu.

Nikageuka. Nikatazama tena ile alama. Ilikuwa katikati, hata unywele usingepita. Nikapitisha kibati, nikakaza, tukaenda silinda ya pili.

"Hapo!"

"Bado."

Silinda ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Jirani akaniambia, "Achana naye, si ndilo neno pekee alilo nalo?" Najua. Lakini mtu uliyeishi naye unamjua hata akikohoa. Alikuwa amekunja nusu ya mdomo, ile nusu iliyo hai, kama alivyoukunja juu ya kikombe cha bati. Miaka mitatu nimemgeuza kitandani, nimemfuta, nimemlisha uji kwa kijiko. Nilikuwa nataka hapo moja. Akaninyima nne.

Oili nilikwenda kununua sokoni Babati, kwa bajaji. Muuzaji hupima kutoka kwenye pipa, unakwenda na chombo chako. Chombo changu kilikuwa dumu la njano la mafuta ya alizeti, lenye picha ya ua. Nilikuwa nimeliosha kwa maji ya moto na sabuni, nimelianika kichwa chini siku mbili, kwa sababu tone moja la maji ndani ya oili ni balaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka oili." Nikamweleza gari.

"Aa, chukua hii ya kisasa. Nyepesi, gari zote mpya zinatumia."

Nikaomba tone, nikalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, nikanusa, kama alivyokuwa anafanya mzee. Ilikimbia vidole. "Hii ni ya gari changa. Langu lina mipira ya uzee. Hii itatoka kila tundu, kama mkojo wa babu yako."

Watu dukani wakacheka. Muuzaji naye akacheka, akasema, "Basi chukua hamsini, nzito ya malori."

"Asubuhi ya mwezi wa saba hiyo hamsini itakuwa bado imelala chini, na vyuma juu vinasagana vikavu. Nipe arobaini. Lita mbili na nusu."

"Bibi, wewe umesomea wapi?"

Nikapandisha kanga kidogo, nikamwonyesha muundi. "Hapa."

Nasema wazi kwamba sikupanga. Niliingia uani na dumu langu mkononi, nimefurahi, nina jibu la swali ambalo hakuna aliyenisaidia kulijibu. Nikaweka faneli. Ndipo nikaona macho ya mzee.

Alikuwa analitazama dumu. Dumu lile analijua, viazi vyake vilikaangwa kutoka humo. Nikafungua, na oili mpya ikaonekana mdomoni, ya rangi ya dhahabu, rangi ile ile ya alizeti yetu ya kukamua. Kutoka alipokaa, hakuna mtu angetofautisha. Mkono wake wa kushoto ukapanda juu.

"Bado!"

Nikaelewa anachofikiri. Kati yangu na yeye zilikuwa hatua nne. Ningeweza kumpelekea kifuniko anuse. Ningeweza kusema neno moja, oili, nami maneno yangu yote ninayo.

"Mafuta ni mafuta, mzee," nikasema.

Nikamimina. Nilimimina taratibu, mpaka tone la mwisho, nikakung'uta dumu. Alipiga kelele muda wote, bado, bado, bado, akajaribu kusimama kwa mguu usiokuwepo, akaanguka pembeni ya kiti, jirani akamdaka. Akalia kwa nusu ya uso. Nusu nyingine ilikuwa imetulia kabisa, kama ya mtu anayesikiliza misa.

"Mwambie," jirani akasema. "Mama, mwambie ni oili."

"Atajua likiwaka."

Likawaka siku hiyo hiyo, baada ya betri ya kuazima na dua mbili. Likakohoa, likatema moshi na unyoya wa kuku, likashika. Ile taa nyekundu ya oili ikazimika. Mlio ule ule, watu wakatoka majumbani, mtoto wa jirani akauliza nani amekuja. Nikamtazama mzee. Alikuwa ameinamisha sikio, amekaza shingo. Hakuwa anasikiliza injini inavyokwenda. Alikuwa anasubiri inavyokufa.

"Bado," akasema.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Ninaliwasha, yeye anasikiliza, anatoa jasho, ninalizima, anapumua. Lile dumu la njano nililining'iniza msumarini, penye matambara, mbele ya kiti chake. Nitaandika kweli, maana kama sitaandika kweli bora ningekaa nikachambua maharage: nilifurahi. Nilikula vizuri. Nilikuwa nikimpitia nikiwa na ndoo namwambia, "Leo linakwenda vizuri sana, ni ile alizeti," naye anafumba macho. Jirani aliacha kuja. Alisema Kwaresima siyo wakati wa kufanya hivyo, nikamwambia mimi Kwaresima yangu nilishafunga miaka arobaini na kitu.

Pasaka, mkubwa wangu akaja na gari lake la ofisi na yule mtu wa vyuma chakavu wakiwa wameshapatana. Nikamwambia mpandisheni baba yenu. Wakamweka nyuma, kwenye kiti changu, mgongo kwa injini. Mimi nikakaa mbele. Kuendesha nilijifunza zamani, kwa kumrudisha akiwa amelewa kutoka vilabu vya pombe vya Sigino. Siku hizo tu ndizo nilizokaa mbele, na kesho yake hakukumbuka.

Tukashuka hadi mjini. Bajaji zilitupisha, bodaboda wakatufuata wanapiga honi. Kwenye kioo nilimwona mzee ameweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma, anapapasa mtetemo, na machozi yanateremka. Watu waliotuona walidhani ni furaha. Kila tuta la barabarani aliamini ndilo la mwisho. Nilimchukua hivyo mpaka mlango wa kanisa, kwa mwendo wa taratibu, nikapita njia ndefu ya sokoni ambayo haikuwa ya lazima.

Mwanangu alizunguka gari mara mbili, akagusa bati lenye moto. Akamwambia mtu wa vyuma, "Basi, kaka, samahani." Kisha akaniuliza, "Mama, kweli umelifufua. Umetia oili gani?"

"Muulize baba yako."

Wote wakacheka, na yule mtu wa vyuma akacheka kwa kuwasindikiza.

Ndipo jambo likanijia. Nilitaka kumwambia mwanangu arobaini, na kwa nini siyo ile nyepesi, na kwa nini siyo hamsini. Nikaona kwamba ningemwambia maji ya betri angeitikia vile vile. Wale wanne wa kwenye magogo, watatu wako makaburini na wa nne haoni wala hasikii. Muuzaji aliniona kichekesho. Babati nzima alikuwapo mtu mmoja tu wa kujua kama nimechagua vizuri, naye alikuwa ndani ya gari, ameloa machozi, anaamini kwamba nimemtilia alizeti.

Tuliporudi nyumbani sikusubiri injini ipoe. Walipomrudisha kwenye kiti chake nikawaambia waende wakale. Nikavuta kijiti cha kupimia oili, kikatoka na tone lake kwenye ncha, bado linang'aa. Nikapiga zile hatua nne.

"Mzee. Sikutia alizeti. Ni arobaini, ya kupima, nilibeba kwa dumu tu. Nusa."

Nikamgusisha. Aliisugua kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Aliisugua muda mrefu. Akaipeleka puani. Oili haiwezi kudanganya pua ya mtu kama yule, ingekuwa hata amekufa nusu. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, magoti haya, na nikajikuta mdomo wangu unafanya kama wa mama anayemfundisha mtoto.

"Ha," nikamwambia. "Ha-po. Sema hapo."

Nusu ya mdomo wake ikatikisika. Hewa ikatoka, haina neno. Ikatoka tena. Nilisogeza sikio mpaka nikasikia harufu ya mate yake. Ndani watoto walikuwa wanacheka, mtu alikuwa anasimulia kitu, na nikatambua kwa mlio tu ni hadithi gani.

Mzee akanyoosha mkono. Akashika pindo la kanga yangu, mpya, ya Pasaka. Akafuta kidole gumba. Akafuta cha shahada. Alifanya polepole, kwa uangalifu, akaangalia kama vimetakata.

"Bado," akasema.